Yahusu Ukurasa Niliouchana

Dukani, Nanganga

Mwanangu Hilda,

YAH: UKURASA NILIOUCHANA NAKATULI

Mambo ya sweta na chakula cha njiani baba yako ameshakuambia, tena mara mbili, kwa hiyo mimi siyagusi. Umekwenda kumuaga bibi yako na hutarudi kabla ya gari la jioni. Nimefunga mlango mmoja wa duka, mwingine nimeuacha wazi kwa watoto wanaokuja kununua kalamu, na nimeshusha daftari jipya kutoka kwenye rafu. Nina jambo nililoshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka kumi na saba. Unanijua. Mbele ya mtu nameza maneno. Mbele ya karatasi hayanikwami.

Wiki iliyopita ulifungua kompyuta yako juu ya kaunta hii ukanionyesha kijiji chetu kilivyo ukikitazama kutoka angani. Ulikuwa unanieleza kazi unayokwenda kuifanya Dodoma: nusu ya siku kusoma picha za setilaiti, nusu nyingine kusaidia kuandika miongozo ya kulinda vyanzo vya maji. Sikuelewa yote, ila picha niliielewa. Ukingo wa Newala, mteremko, bonde, halafu doa la kijani kibichi lenye ukubwa wa kiganja. Ukasema, "Hapa ni Nakatuli, Mama. Mwaka huu kijani. Huu pia kijani. Sasa angalia huu." Doa likawa limetoboka. Picha iliyofuata ilikuwa na vitone vilivyopangwa kwa mistari, na nikajua kabla hujasema kwamba vile vitone ni mikorosho.

Ukaniuliza, "Nani aliruhusu? Msitu wa chemchemi haukatwi hivi hivi. Lazima kijiji kilikubali, na kama kilikubali kuna karatasi mahali."

Nikakujibu, "Mambo ya watu wa zamani hayo," nikaendelea kuchambua mchicha.

Hilda, hao watu wa zamani ni mimi.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunaishi kwa bibi yako, kule chini ya ukingo, na mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Sikugombea. Siku ya uchaguzi mtu alisema, "Mama Hilda anaandika kama mashine," watu wakapiga makofi, nikaona aibu kukataa. Kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa mwanamke mwenye vitabu vinne na hakuna wa kuzungumza naye habari zake, na sasa kijiji kizima kilikuwa kinahitaji kitu nilichokuwa nacho.

Unajua watu wa kwetu na karatasi ya mahudhurio. Mkutano unaweza kwisha bila kuamua lolote, lakini hakuna anayeondoka bila kuandikwa. Mtu anaamini kwamba siku ya kugawa mbegu au salfa ya kupulizia mikorosho watasoma ile karatasi, na ambaye hayumo hatapata. "Niandikie na mume wangu, yuko shamba." "Mwandike na shemeji, anaumwa." Nami nilikuwa naandika. Na nilikuwa na tabia yangu moja niliyoiona ya maana sana: sehemu ya juu ya ukurasa, panapoandikwa mkutano ni wa nini, nilipaacha wazi mpaka mwisho, ili nije nipajaze kwa utulivu nyumbani, kwa wino mweusi na kwa rula.

Mkutano ule ulikuwa wa kupanga siku ya kusafisha chemchemi ya Nakatuli kabla ya mvua. Hakukuwa na jambo jingine. Watu wakajaza ukurasa. Jina la kwanza langu, Katibu. La mwisho la bibi yako, na kwa kuwa hakusoma, aliweka dole gumba chini kabisa pembeni, nafasi ilikuwa imekwisha.

Kesho yake akaja Chipola. Labda unamkumbuka kwa mbali tu, maana nyumbani kwetu jina lile lilikatazwa. Alikuwa mnunuzi wa korosho na mzee wa kanisa, mwenye pikipiki pekee kijijini na sauti ya upole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Hilda. Nasikia mwandiko wako unasomeka hata na kipofu."

Nikacheka kama mjinga. Akasema anataka kutuombea saruji ya kujengea chemchemi, na wanaotoa saruji wanataka kuona kwamba wananchi walijitokeza. Angeomba ile karatasi ya majina.

"Juu sijajaza, mzee."

"Nitajaza mimi. Wewe una mtoto mdogo, utachoka kwa mangapi?"

Nililiona lile pengo, Hilda. Usifikiri sikuliona. Nililitazama, nikatamani kusema, "Subiri nijaze, ni dakika moja." Lakini alikuwa amesimama, nami sikutaka aone kama namshuku. Nikaweka rula, nikachana. Mwishoni rula ikateleza na kipembe cha chini kikabaki kwenye daftari. Nikaomba radhi kwa ajili ya kipembe. Hebu fikiria. Mtu ananiibia chemchemi, nami namwomba radhi kwa kuwa nimempa gunia lenye tundu.

Misumeno ya mashine iliingia Nakatuli baada ya mavuno. Wanawake tulishuka na ndoo zetu kuuliza kulikoni. Chipola hakukasirika. Alitoa bahasha, akampa kijana wake asome kwa sauti. Juu ya ukurasa wangu, kwa mwandiko usio wangu, palikuwa pameandikwa kwamba mkutano wa kijiji umeridhia ndugu Chipola apewe eneo la Nakatuli kwa kilimo cha mikorosho. Halafu majina, moja moja. Waliokuwepo, waliokuwa shamba na waliokuwa wagonjwa.

Mama Saidi, jirani yetu aliyekuwa anakusuka nywele, aligeuka akanitazama. "Mama Hilda, hii ni kalamu yako."

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa. Kuchana ukurasa kulikuwa ujinga, na mjinga husamehewa. Ila pale bondeni, watu wote wakinisubiri, nilikuwa na la kusema na sikulisema. Ningesema, "Daftari liko nyumbani, mkutano ulikuwa wa usafi." Maneno machache tu. Nikayameza. Nilipokuwa nainama kuchukua ndoo, Chipola akaniambia polepole, mimi peke yangu, "Mwandiko mzuri sana, mama. Siku nyingine jaza na juu."

Sikuwahi kumchukia mtu kabla ya siku ile, na tangu siku ile sijaacha.

Nakatuli haikufa kwa siku moja. Mwaka wa kwanza maji yalipungua tukasema ni kiangazi. Mwaka wa pili tulianza kupanga foleni ya ndoo, na wanaopiga salfa kwenye mikorosho yake wakawa wanaosha mashine zao palepale. Mwaka wa tatu tukakuta tope, halafu tukakuta nyufa. Tukahamia chemchemi ya juu, Chitope, na njia yake unaijua kuliko mimi, maana ndiyo iliyokupa kovu la goti. Ulikuwa na kidumu chako cha mafuta. Ulipoanguka hukulia kwa sababu ya damu, ulilia kwa sababu maji yalimwagika. Kila nilipokuosha kidonda kile nilikuwa naongea na Chipola moyoni, na yalikuwa mazungumzo mabaya.

Sasa nikuambie jinsi nilivyolipiza, maana hili nalo hujawahi kuambiwa.

Mimi na Mama Saidi tulikwenda kwenye mikorosho yake michanga mchana wa Ijumaa, wanaume wako msikitini na wengine wako kwenye pombe ya mabibo. Tulikuwa na visu vya mboga. Tulibandua magome kuzunguka shina, mti mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyomenya muhogo. Mama Saidi alikuwa anaongea nayo. "Na wewe leo utaijua kiu," akauambia mmoja. Tukafika kwenye mfupi wenye majani mengi juu, akasema, "Tazama huyu, kamfuata baba yake," nikacheka mpaka nikakaa chini. Nakiri mbele yako: ule ulikuwa mchana mtamu kuliko yote ya maisha yangu. Harusi yangu inafuata kwa mbali.

Kisu changu nilikisahau shambani. Na mimi, kama unavyonijua, kila kitu changu naandika jina. Ndoo, sufuria, mwiko. Kwenye mpini wa kisu kile nilikuwa nimeandika kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri.

Chipola hakutupeleka polisi. Alifanya jambo baya zaidi. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema amemsamehe dada yake aliyeingiwa na wivu. Nikaitwa mbele. Nikapiga magoti mbele ya benchi lake, benchi la kwanza, naye akaniwekea mkono kichwani na watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa na watoto wenzako upande wa kushoto. Uliponiuliza njiani kwa nini watu walipiga makofi, nilikuambia nimepewa zawadi.

Mama Saidi alinikuta nalia jikoni. "Mimi msikitini hakuna aliyenisamehe," akasema, "namshukuru Mungu."

Kuanzia hapo kila aliyelalamika kuhusu maji alijibiwa, "Ni walewale waliokata mikorosho." Suala la kijiji kizima likawa wivu wa wanawake wawili. Niliuchukua ukweli wetu nikampa Chipola mkononi, kama nilivyompa ukurasa. Mwaka uleule tukahamia hapa Nanganga, na baba yako akawaambia watu tunafuata biashara ya barabarani.

Kazini utakutana na watu watakaokuambia kisasi ni sumu inayomuua anayeinywa. Mimi nimeinywa miaka kumi na saba na bado nafungua duka saa moja asubuhi. Sijutii kukitaka. Najuta kukifuata kwa kisu cha mboga, kwa haraka, kwa ajili ya kicheko cha mchana mmoja, wakati nyumbani nilikuwa na daftari.

Maana daftari ninalo, Hilda. Nilihama nalo. Limo kwenye mfuko wa nailoni, chini ya katoni za chaki, pale ulipokuwa unakatazwa kuchezea. Ukilifungua unakuta ukurasa wa mkutano uliotangulia, halafu mstari uliochanwa, halafu muhtasari wangu wa siku ile, upande wa pili, umejazwa vizuri na wino mweusi: kusafisha chemchemi ya Nakatuli, kila kaya ilete jembe moja. Na pale kwenye mstari uliochanwa kimebaki kile kipembe nilichokiombea radhi. Juu yake kuna nusu ya dole gumba la bibi yako. Nusu ya pili Chipola anayo.

Na bado anayo. Mwezi uliopita Mama Saidi alinipigia simu kutoka ofisi ya kijiji. Chipola ameomba eneo la Chitope. Anataka kupanua shamba mpaka juu, kwenye chemchemi iliyobaki, ile ambayo bibi yako anakunywa na ambayo sasa wanaitegemea wote waliokuwa wanakunywa Nakatuli. Safari hii sheria zimekaza, lazima ripoti ya mazingira iandikwe, kisha wananchi wasikilizwe kwenye mkutano, na maombi yamebandikwa ubaoni na viambatisho vyake. Ili kuonyesha kwamba kijiji kilishamkubali tangu zamani, ameambatanisha karatasi yetu.

"Nimeliona jina langu," Mama Saidi akasema. "Kwenye karatasi sijazeeka hata kidogo."

"Na dole la mama?"

"Lipo. Ila limekatika pembeni, kama limeumwa na panya."

Nilikaa chini hapahapa nilipokaa sasa. Siku tatu baadaye wewe ukaja na barua ya ajira. Ukasema maombi ya mashamba karibu na vyanzo vya maji huishia kwenye ofisi yenu. Nilikupikia wali, na ndani nilikuwa nacheka kicheko cha shambani. Kitu nilichokiomba miaka yote kimeletwa mezani kwangu na mtoto wangu mwenyewe, kikiwa na chaja.

Jambo la kwanza nililofikiri, sikufichi, ni kukuambia ulikalie jalada lake. Ulikalie mpaka azeeke, mpaka ashike fimbo, aje asimame mbele ya meza yako aseme, "Shikamoo, afisa," yeye mwenye umri wa babu yako. Usiku kadhaa nililala na picha hiyo kama mto wa kichwa. Halafu nikaona kisu chini ya mkorosho, kina jina letu kwenye mpini. Angesema, "Huyu ni binti wa yule mwanamke," na angekuwa amesema kweli, na Chitope ingekwenda ilikokwenda Nakatuli.

Kwa hiyo Chipola usimguse. Wiki yako ya kwanza, kabla hawajakuuliza, mwandikie mkuu wako kwamba mama yako ni shahidi katika maombi hayo, na kwa sababu hiyo hutaligusa jalada. Andika, usiseme tu. Mwombe amkabidhi mtu mwingine azisome zile picha. Hazihitaji undugu. Yeyote atakayezifungua ataliona doa la kijani, ataviona vitone, atapima zile mita sitini ambazo sheria inataka ziachwe kando ya maji, na atajiuliza swali uliloniuliza wewe. Halafu atalitafuta jibu kwenye karatasi, na la kwanza atakalolikuta ni jina langu.

Hapo ndipo ninapokuomba. Usinifunike. Wakikuuliza mama yako alihusika vipi, sema aliutoa ukurasa kwa mkono wake, juu pakiwa wazi, na akanyamaza ulipotumika. Baba yako hili halimpendezi. Jana, wewe ukiwa unafungasha, alinifuata hapa kaunta.

"Utajipeleka mwenyewe?"

"Nitajipeleka."

"Na mtoto? Kazi yenyewe hata kiti hajakikalia."

"Ndiyo maana atasema kabla hajaulizwa."

Akazungushazungusha kofia yake. "Na wakikushitaki wewe pamoja na Chipola?"

"Tutakaa benchi moja," nikamwambia. "Nitamsogelea."

Akaniangalia kama mtu anayeona mlango kwenye ukuta aliouzoea. Kisha akasema, "Basi kama ni hivyo nitafunga duka siku hiyo, nije." Na baba yako, unajua, hafungi duka hata kwa msiba wa mbali.

Hicho ni kisasi changu, na nitakichukua mwenyewe. Cha kwako ni kingine. Umesema mtakuwa mnaandika mwongozo wa namna ya kusikiliza vijiji kabla ya kugusa vyanzo vya maji. Watakaa watu wenye shahada wabishane habari za ramani, na ni vizuri wabishane. Wewe tafuta nafasi ya sentensi mbili. Kwamba karatasi ya mahudhurio ijazwe juu, na isomwe kwa sauti, kabla mtu wa kwanza hajaweka jina. Na kwamba ukurasa uliotolewa kwenye daftari lake haupokelewi. Watakuambia ni mambo madogo ya makatibu. Ng'ang'ania. Chipola ni mmoja na ana miaka sabini. Kuna vijiji vingi, na katika kila kimoja kuna mwanamke mwenye mwandiko mzuri na aibu, na mtu mwenye pikipiki na sauti ya upole anakuja kwake. Nataka afike, aombe ukurasa, akute juu pamejaa. Nataka ageuze pikipiki yake mchana, watu wakimwona. Nataka hilo litokee mara nyingi, kwa miaka mingi, hata nikiwa nimekufa, na kila likitokea niwe nimemlipa tena.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi yako na lile daftari. Nilimwonyesha nusu ya dole lake. Akaliweka dole lake la leo kando yake, limekauka na lina ufa wa jembe.

"Hili hapa," akasema. "Lilikuwa limekwenda wapi?"

Nikamweleza, mwanzo mpaka mwisho. Nilitegemea atanigombeza. Akauliza tu siku ya mkutano ni lini, kwa sababu anataka kusuka nywele.

Siku hiyo tutakaa benchi la mbele, bibi yako, Mama Saidi na mimi. Chipola atakuwa ameketi meza ya waombaji na ataniona nikiinuka. Nitakuwa na sentensi moja. Najifunza kuisema hapa dukani, watoto wa shule wanafikiri naongea na chaki. Sentensi yenyewe ni hii: "Naomba ile karatasi iletwe hapa." Sitasema lingine mpaka iletwe. Kisha nitalifungua daftari, nitauweka ukurasa kwenye mstari wake, na kipembe kitakutana na ukurasa mbele ya kila mtu, na dole la mama yangu litakuwa zima. Nitamtazama usoni wakati huo. Miaka kumi na saba sijamtazama usoni.

Wewe usije. Uwe Dodoma, mezani kwako, na barua yako ya kujitenga ikiwa imeshapigwa muhuri. Nitakupigia simu jioni nikuambie uso wake ulikuwaje.

Najua bibi yako atakupa chupa ya maji ya Chitope urudi nayo. Usiyanywe njiani. Yaweke hapa kaunta, kando ya barua hii, nijue umefika.

Utaona kwamba juu nilijaza kwanza.

Mama yako,
aliyekuwa Katibu, Kamati ya Mazingira